UZI: Redio ya Homa Bay (1982–1984), kituo cha kwanza cha redio jamii Afrika: kwa nini kilizimwa kabla ya kutimiza miaka mitatu?

Mtu wa Ziwa (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Nimesoma hapa mijadala mingi ya redio za mitaani na za vijijini, na kila mara tukifika kwenye historia, watu huanzia miaka ya 2000: Mang'elete ya Makueni mwaka 2004, Koch FM ya Korogocho mwaka 2006 ikitangaza kutoka ndani ya kontena, kisha Pamoja FM ya Kibera mwaka 2007. Hao wote ni wajukuu. Babu yao alizaliwa Mei 1982 katika mji wa Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, wakati huo makao makuu ya wilaya ya South Nyanza, na alikufa mwaka 1984. Vitabu vinavyoeleza habari za redio jamii katika bara letu humtaja kuwa wa kwanza, lakini humtaja kwa sentensi mbili tu na kusonga mbele. Nimeanzisha uzi huu ili tumpe zaidi ya sentensi mbili.

Tuanze na chimbuko. Mwaka 1980 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, likiongozwa na Msenegali Amadou-Mahtar M'Bow, ilipokea ripoti ya tume iliyoongozwa na Seán MacBride wa Ireland, ambayo ilieleza kwamba habari duniani hutoka kwa wachache wenye mitambo na kwenda kwa wengi wasio na cha kujibia. Maneno hayo yalizua ugomvi mkubwa katika miji mikuu ya dunia, lakini wahandisi waliokuwa ndani ya shirika hilo walijiuliza swali dogo na la manufaa zaidi: je, kituo kamili cha redio kinaweza kujengwa kwa gharama ambayo mji mdogo wa Afrika unaweza kuimudu? Homa Bay ilikuwa jibu lao. UNESCO ilishirikiana na serikali ya Kenya, na kituo kizima kiligharimu chini ya dola 25,000 za Marekani. Kwa wakati ambapo kutangaza kulimaanisha minara mirefu, majengo ya serikali na mafundi waliosomeshwa ng'ambo, fedha hizo zilikuwa kidogo mno. Maana yake ni kwamba sababu iliyokuwa ikitolewa kila siku, kwamba redio ni ghali na kwa hiyo lazima ikae Nairobi, ilikuwa imeondolewa.

Lugha ilikuwa Dholuo, lugha ya Waluo wa eneo lile. Jambo hili lina uzito wake. Sauti ya Kenya, ambayo tangu mwaka 1964 ilikuwa chombo cha serikali, ilikuwa na idhaa ya Kiswahili, idhaa ya Kiingereza na saa chache zilizogawiwa lugha nyingine, Dholuo ikiwamo. Kwa hiyo mkulima wa pamba au mvuvi wa South Nyanza alikuwa amezoea kuisikia lugha yake redioni. Asichokuwa amezoea ni kusikia habari za soko lake, zahanati yake na barabara yake, zikisomwa na mtu anayeishi hapo hapo. Kuna tofauti kubwa kati ya kusemeshwa kwa lugha yako na kusemeshwa juu ya mambo yako.

Sasa itazameni kalenda ya mwaka ule, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jibu la swali nililoliweka juu. Mwezi ule ule wa Mei 1982 kituo kilipofunguliwa, Jaramogi Oginga Odinga, mwanasiasa Mjaluo aliyekuwa makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, alifukuzwa kutoka KANU, chama tawala. Mwezi wa Juni katiba ilibadilishwa kwa kifungu cha 2A, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Tarehe 1 Agosti wanajeshi wa ngazi za chini wa Jeshi la Anga, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walijaribu kupindua serikali ya Rais Moi, na mahali walipokimbilia alfajiri ile ni studio za Sauti ya Kenya jijini Nairobi. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alichukuliwa nyumbani kwake Ngara akalazimishwa kusoma tangazo kwamba serikali imeangushwa. Siku ile ile kikosi cha jeshi chini ya Meja Jenerali Mahmoud Mohamed kilikirudisha kituo mikononi mwa serikali.

Kuanzia siku hiyo, kwa watu waliokaa ofisini Nairobi, redio haikuwa tena chombo cha maendeleo ya vijijini. Ilikuwa mlango ambao adui aliingilia. Na kati ya vituo vyote, kimoja kidogo kilikuwa mbali kabisa na macho yao, kikitangaza kwa lugha ya Ochuka na ya Jaramogi, katika wilaya ambako Kisiwa cha Rusinga kina kaburi la Tom Mboya, waziri wa serikali aliyeuawa mwaka 1969. Kituo kilivumilia hadi mwaka 1984, kisha serikali ikakifunga. Maoni yangu ni kwamba hakikufa kwa kukosa fedha wala wasikilizaji. Kilikufa kwa hofu, na kiliweza kuuawa kwa urahisi kwa sababu moja nitakayoirudia baadaye. Nawakaribisha.

Fundi wa Masafa

Asante, ndugu, kwa kuufungua mjadala huu. Mimi ni fundi wa mitambo ya redio, na ningependa kuongeza upande ambao wanahistoria huuruka.

Mtambo wa Homa Bay ulikuwa wa FM na wenye nguvu ndogo. Kwa vijana wa leo, FM ndiyo redio yenyewe, lakini mwaka 1982 wananchi wengi wa Kenya walisikiliza masafa ya kati na masafa mafupi. Mawimbi ya masafa ya kati hufuata uso wa ardhi na usiku hurudishwa na anga, kwa hiyo kituo kimoja chenye nguvu kubwa huweza kusikika mikoa kadhaa. FM haiendi hivyo. Huenda moja kwa moja kama jicho linavyoona, na ikikutana na mlima husimama. Faida yake ni kwamba sauti yake ni safi na mtambo wake ni mwepesi, hauhitaji uwanja mzima wa nyaya wala bili kubwa ya umeme. Hasara yake ni kwamba redio nyingi za mkononi zilizokuwa vijijini wakati ule hazikuwa na FM kabisa.

Ukiitazama ramani, utaona kuwa mahali pale palichaguliwa vizuri. Upande mmoja ni ghuba, na juu ya maji hakuna kizuizi, hivyo hata mtambo mdogo husikika vizuri kwa walio kwenye mitumbwi na kwenye fuo. Lakini upande wa kaskazini-mashariki kuna Mlima Homa, ambao kilele chake kina mita 1,751, na ziwa lenyewe liko kwenye mita 1,134 hivi. Aliyekuwa nyuma ya mlima ule asingeweza kupata kitu cha maana, hata angekuwa na redio nzuri namna gani.

Nasema haya kwa sababu hofu ya wakubwa ilikuwa kubwa kuliko mtambo wenyewe. Kituo kile kisingeweza kuisemesha Kenya. Kisingeweza hata kuisemesha Nyanza nzima.

Mzee wa Kendu

Fundi amenigusa, maana mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya mlima.

Nilikuwa kijana wa sekondari, nyumbani kwetu ni upande wa Kendu Bay. Baba alikuwa na redio ya mbao yenye kitambaa mbele, iliyokula betri sita kubwa. Betri hizo zilipochoka, mama alizianika juu ya bati kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri, akizigeuza kama anavyogeuza omena, na jioni zilitupa nusu saa nyingine ya taarifa ya habari kabla ya sauti kuanza kufifia. Hatukuwa na kitufe cha FM. Niliposikia watu wakisema Homa Bay kuna redio, nilidhani ni porojo, kwa sababu nilizungusha sindano kutoka mwisho hadi mwisho nisipate kitu.

Nilikuja kuisikia nilipokwenda kwa mjomba wangu mjini Homa Bay wakati wa likizo. Muuza duka jirani alikuwa na redio-kaseti mpya, na aliiweka juu ya gunia la sukari karibu na mlango ili walio nje pia wasikie. Watu walisimama pale bila kununua chochote, na mwenye duka hakuwafukuza. Ninachokumbuka si kipindi fulani. Nakumbuka mama mmoja muuza samaki aliyeweka karai lake chini, akainamisha kichwa, kisha akasema kwa sauti, "Huyu anaongea kama sisi." Hakumaanisha Dholuo, maana Dholuo ya Nairobi tulikuwa tukiisikia. Alimaanisha lafudhi, yale matamshi ya kwetu ambayo Mjaluo wa Siaya akiyasikia anatambua mara moja kwamba umetoka ng'ambo ya ghuba.

Baada ya Agosti 1982 mambo yalibadilika. Watu wazima walipunguza sauti za redio zao na sauti za mazungumzo yao. Sikumbuki siku kituo kilipofungwa. Nilirudi likizo moja nikakuta redio ya dukani inapiga kaseti za benga, nikauliza, nikaambiwa ile ya hapa haipo tena. Hakuna aliyetaka kuendeleza maneno.

Mwanafunzi wa Sheria

Nimesoma kwa makini michango yote mitatu, na kwa heshima zote kwa wazee waliotangulia, nina pingamizi moja. Tunasema hii ilikuwa redio jamii ya kwanza Afrika. Je, ilikuwa redio jamii kweli? Mtambo ulikuwa chini ya serikali, watumishi walikuwa chini ya Sauti ya Kenya, na hapakuwa na bodi ya wananchi wala leseni kwa jina la wananchi. Kwa tafsiri ya sheria ya leo, hasa baada ya marekebisho ya sheria ya mawasiliano yaliyoanza kutumika mwaka 2009 na kutenganisha utangazaji wa umma, wa biashara na wa jamii, kituo kile kingeandikwa kuwa tawi la utangazaji wa umma. Wako wanaosema heshima hiyo ya kuwa wa kwanza inafaa kupewa redio ya vijijini ya Kayes, nchini Mali, iliyoanza mwaka 1988 ikiwa nje ya mikono ya serikali. Tusije tukakiita kitu kwa jina la ndoto yetu.

Mtu wa Ziwa (mwanzisha uzi)

Mwanafunzi wa Sheria, umelishika jambo lenyewe penye shina lake, na nakushukuru. Nilisema ningeirudia ile sababu moja, na ndiyo hii.

Ninakubali kwamba kisheria Homa Bay haikuwa mali ya wakazi wa Homa Bay. Nakubali pia kwamba waliopanga mradi waliliona jambo hilo kuwa dogo. Hesabu yao ilikuwa ya fedha na mitambo: punguza gharama, weka studio karibu na watu, fundisha watangazaji wa pale pale, na mengine yatafuata. Walilitatua tatizo la gharama kwa ustadi mkubwa, lakini tatizo la umiliki hawakuligusa. Kwa hiyo wizara iliyokuwa imesema ndiyo mwaka 1982 haikuhitaji mahakama, wala mjadala bungeni, wala kumwomba radhi mtu yeyote iliposema hapana mwaka 1984. Mtu akikuazima jembe, hakuna shauri siku akija kulichukua.

Hata hivyo siko tayari kulifuta lile jina. Yule mama wa karai aliyesimuliwa na Mzee wa Kendu hakuuliza leseni ni ya nani. Alijisikia. Redio jamii ina pande mbili, nani anaimiliki na nani anasikika ndani yake, na Homa Bay ilikuwa na upande wa pili bila ule wa kwanza. Naona ni haki kusema ilikuwa ya kwanza kwa sauti, na Kayes ikawa miongoni mwa za kwanza kwa umiliki.

Kuna jambo jingine linaloniumiza kila ninapolifikiria. Julai 1983 serikali ile ile ilizindua sera ya kuifanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo vijijini, ambayo ilisema mipango isipangwe tena Nairobi bali ianzie wilayani, kwenye kamati za wilaya. Kama palikuwa na wilaya moja nchini iliyokuwa tayari na chombo cha kuifanya sera hiyo iwe kweli, ilikuwa South Nyanza. Mkuu wa wilaya angeweza kueleza bajeti ya visima redioni, na watu wa Mbita au Oyugis wangejua ni kisima gani kimeahidiwa na ni kipi hakijachimbwa. Badala yake, mwaka uliofuata sera ilibaki na redio ikaondoka. Wilaya iliruhusiwa kupanga, haikuruhusiwa kusema.

Na huko nje nako hapakuwa na wa kuitetea. Marekani ilijitoa UNESCO mwishoni mwa mwaka 1984 na Uingereza ikafuata mwaka mmoja baadaye, na ugomvi ule wa ripoti ya MacBride ulikuwa miongoni mwa sababu zilizochochea. Shirika lililokuwa likipigania uhai wake lenyewe lisingesimama kupigania studio moja kando ya ziwa.

Binti Simanjiro

Shikamooni wazee wa uzi huu. Naandika kutoka Tanzania, na ningependa kuleta mfano wa kwetu kwa sababu unajibu hoja ya umiliki.

Katika kijiji cha Terrat, wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara, kuna redio ya Orkonerei iliyoanza kutangaza mwaka 2002. Hiyo haikuletwa na wizara. Ilitokana na harakati za wafugaji wa Kimaasai, Martin Saning'o Kariongi akiwa kiongozi wao, watu waliokuwa wameanza kwa kupigania ardhi ya malisho, kisha wakaona kwamba bila kupashana habari wenyewe kwa wenyewe watachelewa kila siku. Tanzania ilikuwa imefungua milango ya utangazaji kwa sheria ya mwaka 1993, lakini sera yetu inasisitiza Kiswahili na Kiingereza redioni. Ninaielewa sababu yake, maana Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Lakini bibi yangu, aliyeishi maisha yake yote na ng'ombe, alijua Kimaa peke yake. Taarifa ya chanjo ya mifugo iliyosomwa kwa Kiswahili kizuri kutoka Dar es Salaam haikumfikia, ilipita juu ya kichwa chake kama ndege. Terrat ilitangaza kwa Kimaa na kwa Kiswahili, na bibi akaacha kutegemea wajukuu wamtafsirie.

Nikilinganisha na Homa Bay, naona kwamba Terrat ilikuwa na watu waliojipanga kabla ya kuwa na mtambo. Redio iliwakuta wana uongozi, wana mikutano, wana madai. Homa Bay ilipata mtambo kwanza.

Fundi wa Masafa

Binti Simanjiro amesema neno zito. Hata Mang'elete ilikuwa hivyo: vikundi vya akina mama vilikuwapo miaka kadhaa vikishughulika na maji na kilimo, ndipo redio ikaja mwaka 2004. Fundi anaweza kuutengeneza mtambo ulioharibika kwa siku mbili. Kikundi kilichovunjika hakuna chuma cha kukichomelea.

Swali langu kwa mwanzisha uzi: baada ya kifungu cha 2A kufutwa Desemba 1991, kwa nini Homa Bay haikurudishwa?

Mtu wa Ziwa (mwanzisha uzi)

Fundi, kufutwa kwa kifungu cha 2A kulivifungulia vyama, hakukuyafungulia masafa. Sauti ya Kenya ilikuwa imegeuzwa kuwa KBC, shirika la utangazaji la serikali, mwaka 1989, na kwa miaka mingi iliendelea kuwa peke yake katika redio. Kituo cha kwanza binafsi cha FM, Capital, kilipata nafasi mwaka 1996, nacho kilikuwa cha Kiingereza na cha wakazi wa Nairobi. Lugha za mama zilisubiri hadi Kameme ilipoanza kwa Kikuyu mwaka 2000. Ramogi ikaja na Dholuo muda mfupi baadaye, ikapendwa sana, na inaendelea kupendwa hadi leo. Lakini Ramogi ni redio ya biashara, inasikika mbali na lazima iwahudumie Waluo wote, kuanzia Siaya hadi Migori na wale walioko mijini. Haiwezi kukuambia kama boti ya Mbita imechelewa leo.

Kilichorudi karibu na ile roho ya mwaka 1982 kiko kwenye Kisiwa cha Mfangano, ndani ya Kaunti ya Homa Bay, ambako redio ya Ekialo Kiona imekuwa ikitangaza kwa Olusuba, lugha ya Abasuba ambayo imemezwa na Dholuo kwa vizazi kadhaa. Lugha iliyokuwa ikihesabiwa ndogo mwaka 1982 leo ndiyo kubwa kwa jirani yake, na jirani naye ametafuta kipaza sauti chake. Nilipoisikia mara ya kwanza, nikiwa kwenye mtumbwi wa injini kutoka Mbita, nahodha alikuwa ameifunga simu yake kwa mpira kwenye ubao wa ubavuni ili isianguke majini, na sauti ilitoka humo ikishindana na injini. Sikuelewa nusu ya maneno. Nahodha alielewa yote, na alicheka mahali ambapo mimi sikujua pana kichekesho.

Mzee wa Kendu

Nina ombi, na naomba msimamizi wa jukwaa aliache hapa juu ya uzi kwa muda. Kaseti za wakati ule zilirekodiwa juu ya nyingine mara nyingi, kwa sababu kanda mpya ilikuwa ghali, lakini watu walikuwa na desturi ya kurekodi redio kwa kuweka kinasa sauti mbele ya spika. Kama yupo mwenye sanduku la marehemu baba au mjomba aliyeishi Homa Bay, Mbita au ufuoni Rusinga kati ya Mei 1982 na 1984, tafadhali alifungue. Msizicheze kanda hizo kwenye mashine yoyote mtakayoiokota, maana utepe wa miaka arobaini hukatika kwa urahisi. Zirudisheni nyuma polepole kwa kalamu, mziweke mahali pakavu, kisha mwandike hapa. Mpwa wangu ana kifaa cha kuzihamishia kwenye kompyuta, na yuko tayari kuzifuata popote zilipo kando ya ziwa.